Ngozi ya Baba na Godoro la Sponji

Godoro la kwanza la sponji kuingia nyumbani kwetu Didia lilikuja juu ya basi la Kahama, limefungwa kamba pamoja na matenga ya kuku. Aliyelileta alikuwa kaka yangu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Bulyanhulu, kama vijana wengi wa kijiji chetu, na wengi wao walirudi mikono mitupu. Yeye alirudi na godoro. Alilitua mlangoni, akamwamkia baba, akasema, "Baba, sasa kifua chako kipumzike."

Baba alikuwa mgonjwa wa kifua. Alilima pamba maisha yake yote, na kila msimu ulimwacha na pumzi fupi zaidi. Kitanda chake cha kamba kilitandikwa ngozi ya dume lake la ng'ombe, nyeusi, iliyolainika kwa kulaliwa miaka mingi. Kaka hakupenda kuiona ile ngozi. Aliona inamwaibisha mbele ya wenzake. Aliikunja siku ileile akaipandisha kwenye boriti za ghala.

Majirani walikuja kulibonyeza godoro na kucheka likivimba tena. Mama alikataa katakata godoro livuliwe nailoni lililokuja nayo, maana godoro lililovuliwa nailoni, kwa maoni yake, lilikuwa tayari limezeeka. Akatandika shuka juu ya nailoni, akafunga dirisha vumbi lisiingie. Harufu ya godoro ikabaki humo ndani na baba. Ilikuwa kali, kama rangi ya mafuta na gundi ya fundi viatu vimechanganywa, na ilikaa kooni hata ukiwa umeshatoka chumbani.

"Ndivyo kitu kipya kinavyonukia," mama alisema.

Hapo ndipo ninapokasirika hadi leo. Dawa ya kupulizia pamba tuliijua vizuri. Hakuna mtu pale kijijini aliyeingiza debe la dawa chumbani, na aliyepulizia shamba alioga kabla ya kubeba mtoto. Harufu ya dawa tuliiogopa. Hii nyingine tuliikaribisha kwa vigelegele kwa sababu ilikuja na kitu cha thamani.

Kaka alirudi machimboni, na kikohozi cha baba kikazidi. Mimi nilikuwa binti wa mwisho, ndiye niliyempelekea maji ya kunawa asubuhi, kwa hiyo niliona. Alipokaa nje kwenye kigoda, pumzi ilitulia. Alipoingia kujinyoosha mchana, alitoka macho mekundu, ameshika kichwa. Nilimuuliza, "Baba, godoro likoje?"

"Zuri, ng'wanawane, mwanangu. Laini sana."

Asubuhi moja akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwambie mama yako aniteremshie ngozi yangu."

Nilimkuta mama anapepeta mtama. Aliposikia, ungo ulimponyoka. Kwetu, mzee wa zamani alizikwa amefungwa ndani ya ngozi ya ng'ombe wake, na mzee mgonjwa akiitaja ngozi yake, watu huelewa kwamba ameshajua siku zake zimekwisha. Mama hakumuuliza baba chochote. Mambo hayo hayaulizwi. Alituma mtu kwa shangazi, akamwomba dereva wa basi ampelekee kaka habari machimboni. Ngozi hakuiteremsha. Alisema hawezi kuishika wakati mwenyewe bado anapumua. Na mimi niliamini kama yeye, nikalia nyuma ya ghala mpaka sauti ikanikauka.

Kaka alipofika, ana udongo wa duara, lile shimo la kuchimbia, hadi kwenye nyusi, ua ulikuwa umejaa watu na wanawake walikuwa wameshainjika vyungu. Baba akatokea zizini na fimbo yake, akasimama.

"Kuna msiba wa nani?"

Shangazi, dada yake mkubwa, hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Wako," alimwambia. "Si wewe uliyeomba ngozi?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Hakuna mwingine aliyecheka. "Niliomba ya kulalia, dada. Lile godoro linanibana pumzi. Nikilala juu yake macho yananiwasha na kichwa kinagonga. Nikitoka nje, napona."

Kaka aliingia chumbani kwa baba, akajilaza juu ya godoro, mlango umefungwa. Alikaa humo mchana ule mzima, watu wakiondoka mmoja mmoja na vyakula vyao. Alipotoka alikuwa anayumba, akashika ukuta.

"Baba, uliwezaje kulala humu? Kwa nini hukusema?"

Baba alimtazama. "Wewe huko machimboni unalalia nini?"

Kaka akainama. "Gunia, baba."

"Nilijua. Sasa ningesemaje?"

Mganga wa zahanati alitwambia kwamba ile harufu ni ya dawa zinazotumika kutengeneza sponji, na kwamba mtu mzima wa afya huenda asisikie zaidi ya kero, lakini kifua kibovu hakiwezi kuvumilia. Tuivue nailoni, alisema, tuliweke godoro kivulini penye upepo mpaka liache kunuka, na dirisha liachwe wazi. Mama alimteremshia baba ngozi yake, kisha akaichana ile nailoni kwa kisu huku analia. Godoro likakaa chini ya paa la ghala msimu mzima wa kiangazi, kuku wakilitembelea. Harufu ilipungua polepole, kisha ikaisha.

Baba alilinusa mwenyewe, uso wote ameuzamisha ndani, akaridhika. Akamwita kaka. "Libebe," alisema. "Mimi nina ngozi yangu." Kaka alibisha, baba akanyamaza, na kwetu baba akinyamaza mjadala umekwisha. Godoro likapanda tena juu ya basi, safari hii likielekea machimboni.

Baba aliishi miaka mingine juu ya ngozi yake nyeusi. Siku yake ilipofika hakuomba kitu. Kaka, aliyeionea aibu ngozi ile, ndiye aliyeitoa kitandani na kumfunga baba ndani yake, na hakukubali mtu mwingine aiguse.