Kirusi Kutoka Mtaro wa Machinjio

Mtaani walimwita Bomba kwa sababu ya kazi yake ya kuzibua mitaro, si kwa urembo. Mkewe, mshona nguo, ndiye pekee aliyethubutu kumkumbatia kabla hajaoga.

Siku moja sindano ya cherehani ilimchoma mke kidole. Zamani angemeza vidonge wiki moja, yakaisha. Lakini miaka ile vijidudu vilikuwa vimeshazoea kila dawa iliyokuwepo. Usaha ukapanda hadi kwenye kiwiko.

"Dawa hatuna tena," mtaalamu wa maabara ya hospitali alimwambia Bomba. "Ila kuna virusi vinavyokula vijidudu, na mtu haviwezi kumdhuru. Tatizo ni kwamba kila kijidudu kina kirusi chake, na hatujui chetu kiko wapi. Virusi hivi hupatikana penye uchafu mwingi."

Bomba nusura acheke. "Dada yangu, uchafu si ndiyo ofisi yangu?"

Akaingia kazini kama aliyepandwa na wazimu. Alichota mtaro wa soko, wa stendi, wa hospitali yenyewe. Kila asubuhi alipeleka chupa kadhaa. Mtaalamu aliyachuja maji, akayadondosha kwenye kisahani chenye utando wa vijidudu vya mgonjwa. Kirusi kinachofaa kingetoboa utando ule. Visahani thelathini na tisa vilikaa vivyo hivyo, utando mzima, kama vinamkejeli.

"Mume wangu, pumzika basi," mkewe alimsihi kitandani wodini, meno yakigongana kwa homa. "Unanuka mpaka nesi anakukimbia."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakimbilia wapi?"

Bomba akageukia ukutani, akalia.

Chupa ya arobaini, ya mtaro wa machinjio, ilitoboa utando mahali patatu. Mtaalamu akakikuza kirusi siku mbili, akakisafisha, akamdunga mgonjwa. Homa ikashuka. Mke akaomba chai, akamtania nesi. Siku ya tisa homa ikarudi kwa kishindo: vijidudu vilikuwa vimejifunza kumkwepa mlaji wao.

Madaktari wakaukata mkono juu ya kiwiko.

Alipozinduka, mke aliupapasa upande ule wa shuka kwa muda mrefu. Bomba hakuwa karibu naye. Kipimo cha bega kilionyesha kwamba vijidudu vichache vimeshavuka mahali palipokatwa, naye alikuwa amerudi mtaroni, maji yakimfika kiunoni, anajaza chupa.