Nililegeza springi ya bastola Élisabethville, aliyelipa ni shemeji yangu

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mzee wa themanini na kitu, nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Chumvi nikiongeza mtaiona wenyewe, ila mambo yenyewe yalitokea.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi kwenye karakana ya silaha katikati ya Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwenye karakana alikuwa Mbelgiji, tulimwita patron.

Mchana napiga tupa, jioni nasoma kwa mapadri. Nilipopata cheti cha masomo ya jioni nilitembea kama gavana. Hata mbwa wa wazungu waliacha kunibwekea.

Sasa utaratibu wa pale. Mweusi aliruhusiwa kufungua bastola, kuisugua na kuifunga. Kugusa risasi, marufuku. Kazi ikiisha, patron anaichukua mwenyewe Jumapili, anaijaribu bondeni nje ya mji.

Yaani wewe ni mpishi, lakini mchuzi huonji.

Akaja mzungu mwenye shamba upande wa Sakania. Mkono wake ulikuwa umebanwa na mlango wa gari, vidole havina nguvu. Alitaka bastola yake ya risasi sita ivutike kirahisi. Chui alikuwa anamaliza mbuzi wake, na mzungu huyo alikuwa amemtegea mtego wa chuma.

Kila asubuhi alikwenda mtegoni na mpishi wake, Placide. Huyo Placide ni kaka wa mke wangu.

Kulainisha kifyatulio kuna njia mbili. Unasugua vyuma vinapokutana ndani, kazi ya siku tatu. Au unalegeza springi ya nyundo, kazi ya saa moja. Mimi msomi nikachagua saa moja.

Nikalegeza. Nikavuta, laini. Nikalegeza tena. Mwishowe nzi angetua pale ingefyatuka.

Shida ni hii: springi inayokipa kidole ugumu ndiyo hiyohiyo inayoipa nyundo nguvu ya kupiga fataki, kile kiduara nyuma ya risasi kinachowasha baruti. Ukiilegeza mno, nyundo inabisha hodi tu na kuondoka. Na bastola ikiwa tupu huwezi kujua, inalia tiki vilevile.

Wiki ile patron alilala na malaria. Bondeni hakwenda mtu.

Mzungu akaja, akavuta mara kumi ikiwa tupu, akasema nina mikono ya dhahabu. Akapanda treni. Nikavimba kichwa, nikaifanyia bastola nyingine vilevile.

Patron alipopona akaenda kuijaribu hiyo ya pili. Risasi mbili kati ya sita zilikataa kuwaka. Alirudi analaani risasi, eti za zamani.

Nikazitazama. Kwenye fataki kulikuwa na kibonyeo kidogo cha juujuu, nyundo imebisha hodi tu. Si risasi, ni springi yangu.

Ningeweza kunyamaza, wakuu. Zama zile mweusi aliyeharibu silaha ya mzungu haambiwi amekosea, anaambiwa amekusudia. Gereza lilikuwa karibu kuliko soko.

Lakini Placide ndiye anayetangulia mtegoni. Nikamwambia patron kila kitu, na ile ya kwanza pia.

Patron akanipa springi mpya na karatasi ya ruhusa ya safari, akasema huko nifanye kazi nifunge mdomo.

Nikapanda treni. Nilichelewa siku moja.

Nilimkuta Placide nyuma ya jiko, mkono umefungwa bandeji toka bega hadi kiganja. Alinieleza polepole. Chui alikuwa amenaswa mguu. Bwana akavuta, tiki. Akavuta tena, tiki. Chui akang'oa mnyororo, na Placide alikuwa mbele na mkuki. Risasi ya tatu iliwaka, lakini chui tayari alikuwa juu yake.

"Shemeji," akasema, "ile bastola ulitengeneza iko muzuri sana. Haina hata makelele."

Nikamwambia ni mimi niliyeharibu.

"Najua. Bwana iko nasema ni risasi. Mi nilisikia tiki mbili, nikawaza, huyu muntu iko na haraka tangu siku ya mahari."

Hakucheka. Akasukuma sahani yake kwangu nimkatie nyama. Nikamkatia.

Nilikaa pale siku tatu. Springi mpya ndani, vyuma nikavisugua mpaka kidole kigonjwa cha bwana kikaweza. Akalalamika ni nzito kidogo. Akapiga sita, zikawaka sita.

Vidole viwili vya Placide havikukunjuka tena.

Patron hakunifukuza. Kuanzia hapo Jumapili alinichukua bondeni. Si kugusa risasi, hapana. Kusimama kando na kusikiliza.

Nilichojifunza: ulaini wa kweli unatoka kwenye kusugua, na kusugua hakuna njia ya mkato. Na kama wamekukataza kujaribu kazi yako, kabla hujaikabidhi sema, "Hii haijajaribiwa." Maneno mawili. Mimi siku ile, na cheti changu chote, hayakunitoka.

Mafundi mliomo humu, wa magari, wa umeme, wa nyumba: kuna aliyewahi kukabidhi kazi akijua hajaijaribu? Nani aliumia? Andikeni hapa chini, ninasoma yote, taratibu.