Waliposema Damu ya Chausiku Ina Nguvu

Ko. Ko. Kata inagonga ukingo wa mtungi gizani, inakosa mdomo, inagonga tena. Ni saa kumi na moja alfajiri hapa Bigwa, na Chausiku binti Maneno anautafuta mdomo wa mtungi kwa kusikiliza, maana macho yake hayaaminiki tena.

"Nikiinama tu, naona vimulimuli," anasema kwa sauti ya chini, asimwamshe bintiye. "Na si vya nje. Vimo humu humu machoni."

Anakunywa, anajishika ukutani, anarudi kitandani kulalia ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa. Siku hizi kazi yake ndiyo hiyo, kulala. Mimba ina miezi saba.

Mtu asiyemjua angedhani ni mvivu. Chausiku amefinyanga tangu ana miaka kumi. Wiki njema alikuwa akishuka gulioni Mkuyuni na mitungi sita, mkubwa akiuuza hela kumi na mbili za Kidachi. Mumewe, Kibwana, yuko kwenye kazi ya reli, mbali kupita Kilosa, na salamu zake za mwisho zilifika kabla ya mvua za vuli. Mitungi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mtoto.

Kuvimba kulianza miguuni, kukapanda mikononi na usoni. Shoga zake gulioni walicheka.

"Chausiku, udongo umekwisha, sasa wajifinyanga mwenyewe?"

"Mwacheni, ni pacha hao! Mwezi ujao atapita mlango kwa ubavu."

Naye alicheka pamoja nao. Lakini siku moja, akiwa anakanda udongo, alijibonyeza mguu kwa kidole gumba bila kufikiri, vile mfinyanzi anavyopima udongo kama umeiva. Akatoa kidole. Shimo likabaki.

"Udongo wa namna ile huwa naufurahia," anasema. "Ila nyama si udongo. Nililitazama shimo lile nikamkumbuka yule."

Yule ni mtoto wake wa pili. Miaka miwili iliyopita alivimba vivyo hivyo, kichwa kikamuuma siku tatu, kisha akaanguka akitetemeka na meno yakauma ulimi. Watu walisema pepo, wakamfukizia ubani. Alipopata fahamu, kesho yake jioni, alijipapasa tumbo na kulikuta tupu. Mtoto alikuwa ameshazikwa.

"Sikuuona uso wake," anasema. "Waliniambia ni wa kiume. Basi."

Safari hii hakutaka ubani. Aliomba apelekwe mjini kwa bwana mganga wa Kidachi, na mjomba wake, Mzee Pazi, kaka wa marehemu mama yake, alimsindikiza. Bwana mganga alimfunga mkono kwa mfuko wa mpira, akautia pumzi ukambana, huku akitazama zebaki ikipanda kwenye kioo chembamba. Akatikisa kichwa, akasema maneno mengi. Mkalimani, kijana wa pwani mwenye haraka zake, akayafupisha.

"Bwana mganga asema damu yake ina nguvu. Ina nguvu sana. Apumzike."

Mzee Pazi alijipiga paja kwa furaha. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na neno damu kwao ndilo ukoo wenyewe. Mdachi mzima, na chombo chake cha kioo, ameisifu damu ya ukoo wake!

Njia nzima ya kupanda mlima kurudi kwao alimsimamisha kila aliyekutana naye. "Huyu mnamwona? Ameonekana damu yake ina nguvu. Hiyo ni damu ya bibi yake!" Hilo la kupumzika halikukumbukwa na mtu. Nani ampumzishe mwenye nguvu?

Chausiku naye aliamini. "Jamani, nilitembea nikiringa," anasema, na hili ndilo linalomuuma kuliko yote. Kwa siku kumi na nane alichimba udongo mtoni na kuubeba kichwani, huku kichwa hicho hicho kikigonga kama kinu. Siku ya kumi na tisa alinyoosha mkono kuchukua mtungi, akakamata hewa.

Mama yake mdogo, Mwaisha, ndiye aliyemtelemsha kutoka mlimani na kumrudisha kwa bwana mganga. Mara hii Chausiku alimuuliza mkalimani mwenyewe.

"Kaka yangu, hii nguvu ya damu, ni heri au ni shari?"

Kijana aliduwaa. "Heri? Lo, dada, nguvu ya kuua hiyo! Mto wenu wa kule juu ukifurika masika, kuna anayeusifu?"

Bwana mganga hakumpa matumaini makubwa. Alisema dawa ya kuuondoa ugonjwa huu hana. Unakwisha mtu akishazaa. Hadi hapo asibebe kitu, asile chumvi, anywe maziwa, alale chumba chenye giza, na aletwe kila Jumatatu. Kichwa kikiuma pamoja na chembe ya moyo, aletwe saa hiyo hiyo. Ndiyo maana amelala kwa Mwaisha, Bigwa, karibu na mji.

Uji usio na chumvi anaumeza kwa kufumba macho. Jumatatu iliyopita zebaki haikushuka. Wala haikupanda, na hilo Mwaisha amelishukuru kama sikukuu.

"Sitaki makuu," anasema Chausiku. "Nataka kumsikia huyu akilia. Nikimsikia, nitaupanda mlima naye mwenyewe, mgongoni, nimtie mkononi mwa mjomba."

Ila mjomba hakungoja. Alasiri sauti za wanaume zinasikika uani. Mzee Pazi amekuja na vijana wawili, na begani mwao wamebeba machela.

"Shikamoo, mjomba," anasema Chausiku kutoka kitandani.

"Marahaba, mwanangu. Inuka, twende. Kitovu cha mtoto wetu kikizikwa Bigwa, atakuwa wa nani? Mama yako alizaliwa kule juu. Mimi pia."

"Kaka, ni mgonjwa," Mwaisha anajaribu.

"Mgonjwa ndiyo! Nimeleta machela, sikuleta jembe." Anaishika machela kwa mkono mmoja. "Dada yangu nilimzika mbali na kwao. Huyu simwachi."

Kutoka hapa hadi kwao ni mwendo wa siku nzima. Kichwa kikimshika kule juu, itakuwa siku nzima nyingine ya kushuka. Chausiku analijua hilo, Mwaisha analijua. Lakini mpwa hamwambii mjomba wake "sitaki", na mdogo hamkatazi kaka yake mbele ya vijana. Chausiku anainamisha uso. Mkono wake uliovimba umeshika ukingo wa kitanda, hauachii.

Vijana wanaitua machela mlangoni. Hidaya, bintiye wa miaka mitano, anapenya katikati yao na kibuyu cha maziwa kifuani, anakaa juu ya machela na kumtazama Mzee Pazi, babu yake, usoni.

"Mama haendi."