Kapu la Fanus

Miaka ishirini na tisa Fanus alioka mkate wa madhabahu katika kichumba nyuma ya kanisa, akiwa amefunga, akikanda huku akisoma zaburi kwa kichwa. Mkate ule hautiwi chumvi, na ukipata ufa, hata mwembamba kama unywele, padri anauweka kando. Mikate ya Fanus haikuwa na ufa. Uso wake ndio ulioharibika. Akiwa kijana, mtungi wa gesi wa tanuri ile ile ulimlipukia, ukamkunja shavu la kushoto na kumfumba jicho. Wiki ya saba alirudi kukanda.

Kila Jumapili mwenyewe ndiye aliyebeba kapu hadi mlango wa madhabahu, padri akachagua mkate mmoja ulio safi kuliko yote. Basi iliposikika kwamba askofu anakuja kuweka wakfu madhabahu mpya ya marumaru, Fanus alishonesha kanzu nyeupe. Mama yake, Bi Matilda, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, hakuacha jirani asiyemwambia.

"Mwanangu atasimama mbele ya askofu. Nikishaliona hilo, hata wanizike kesho."

Alhamisi aliingia Bwana Wagih, mkuu wa kamati ya kanisa. Suti, manukato, saa inayong'aa: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Fanus, ndugu yangu, televisheni inakuja. Tutaonekana mpaka ng'ambo. Kapu atabeba yule shemasi kijana, Rafail."

"Rafail hajawahi hata kuchekecha unga."

"Nani kamwambia aoke? Abebe tu. Wewe mwenyewe unajijua, bwana. Sisi tumekuzoea, lakini mgeni je?"

Fanus alimgeukia Abuna Bisenti, padri wao, aliyekuwa amesimama mlangoni akigeuzageuza msalaba wake wa mkononi. Akangoja neno lake.

"Siku moja tu, mwanangu," alisema padri. "Mungu anaangalia moyo."

Neno zuri hilo, na waoga wanalipenda sana.

Jumapili Fanus alitoa mikate saba tanurini, mviringo, misalaba imekaa sawa. Rafail akaja, nywele zimechanwa, akalichukua kapu bila kumtazama usoni. Fanus alibaki kichumbani na joto la tanuri, akisikiliza ibada kwenye kipaza sauti kilichotundikwa uani. Alisikia watu wakiimba "Bwana, utuhurumie" wakati mkate unachaguliwa, naye akaimba nao.

Kisha askofu akahubiri. Akasimulia habari za yule mchungaji mdogo aliyeachwa malishoni, baba yake hata hakukumbuka kumwita, siku nabii alipokuja kutafuta mfalme kati ya kaka zake warefu. Wanadamu hutazama sura, alisema askofu, Mungu hutazama moyo. Watu walilia hata vilio vikasikika uani. Wanasema Wagih alijifuta macho kwa leso ya hariri. Hana haya, mtu yule.

"Na mkate wa leo," askofu akaendelea, "sijaona mfano wake. Yuko wapi mwokaji, niibusu mikono yake?"

Fanus alisimama. Akapangusa unga kwenye vidole, akaufikia mlango.

"Huyu hapa, baba yetu," ikasema sauti ya Wagih. "Shemasi wetu Rafail."

Vigelegele vikapigwa. Fanus akarudi, akaketi juu ya gunia la unga.

Baada ya ibada Abuna Bisenti alikuja peke yake, macho chini.

"Nilitaka kusema, mwanangu. Mungu anajua."

"Najua anajua, baba. Yeye sina ugomvi naye."

Nyumbani alimkuta Bi Matilda amekaa kitandani, bado kavaa nguo za kanisani, machozi yamemlowesha mashavu.

"Njoo nikushike," alisema. "Nimekuona, mwanangu. Askofu alipomwita mwokaji nilianza kigelegele, sikusikia kingine, na alipokuinamia mikono nilipiga mpaka sauti ikakauka. Na kule mbali, sijui ni zile taa, nimeuona uso wako mzima, kama ulivyokuwa kabla ya ule moto. Ulipendeza mno."

Fanus alimega mkate wa baraka, ule wanaogawiwa watu baada ya ibada, akamwekea kiganjani. Kisha akakaa kushoto kwake, ili mkono wa mama ulikute shavu la kulia, lisilo na kovu.

"Ndiyo, mama," alisema. "Kula."