Mto wa Sufi Kwenye Kiti cha Dereva

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, Ndihokubwayo alitoa kila kitu kilichokuwa kwenye mifuko ya nyuma ya suruali yake: leso, kitambulisho, ufunguo wa nyumba. Aliviweka juu ya dashibodi, akapanda, akakaa, akajisugua kushoto, akajisugua kulia, mpaka akatulia. Stendi nzima ya Kibondo ilikuwa ikingoja hapo.

"Ametamia!" Isack alipiga kelele. Huyu alikuwa kijana aliyerudi kutoka Dar na leseni, miwani ya jua, na hamu ya kuendesha gari la mtu mwingine. "Vifaranga lini, Ndiho?"

"Wameshatoka. Wote wana sura yako."

Ukweli ni kwamba Ndiho aliendesha kwa makalio. Macho, alikuwa akisema, huleta habari zilizochacha: ukiona pua ya gari imegeukia mtaroni, wewe tayari ni wa mtaroni. Mikono ilikuwa na kazi yake. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, kama mwiko kwenye uji ambao haujashika, ujue tairi za mbele zimeachia udongo. Punguza mafuta, ngoja zishike tena, wala usizidi kukata kona. Lakini tairi za nyuma hazina usukani, zina kiti tu. Zikianza kuteleza, kiti husogea pembeni chini yako, kidogo sana, kama jirani anayekupisha kwenye benchi la kanisani. Anayesikia hapo hapo huupeleka usukani kule nyuma inakokimbilia, kidogo, kisha huunyoosha mapema. Anayechelewa huwaita watakatifu kwa majina.

Na kiti cha Landkruza ya Mzee Abdulrahmani, tajiri wake mwenye duka, kilikuwa kinasema kila kitu. Sponji ilikwisha zamani. Kilibaki kipande cha turubai juu ya springi, na Ndiho juu ya turubai.

Mwaka 2013, mvua za Machi zilipoanza, Bi Asia, mke wa Abdulrahmani, alimwona Ndiho akishuka ameshika kiuno. Akachungulia ndani ya gari. Akaona aibu kwa niaba ya duka zima.

"Mwanangu, miaka yote unakalia waya kama mtuhumiwa?"

Akamshonea mto. Sufi ilitoka kwa ndugu zake Pangani, kitambaa kilikuwa cha maua, pembeni kulikuwa na lesi. Akaushikiza kwenye turubai kwa sindano ya magunia, wezi wa stendi wasiuone mali. Ndiho akasema ahsante Mama, akakaa, akazama. Hakusikia kitu. Ilikuwa kama kuongea na mtu aliyefunikwa blanketi.

Kumwambia? Bi Asia alikuwa mama ambaye mbele yake wanaume walikohoa kabla ya kutaja choo. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuharisha. Watu waliumwa tumbo. Na kuukata mto wa mama wa watu kwa siri, kisha aukute umetupwa nyuma na magunia, hilo nalo hakuliweza.

Basi akaingia mtaroni Nyakitonto, njia ya Kasulu, na shehena ya sukari. Safari iliyofuata, kwenye mteremko wa Busunzu, gari lilizunguka lote likatazama Kibondo, kama limekumbuka kitu nyumbani.

"Umeanza kunywa?" aliuliza Abdulrahmani.

"Sinywi, Mzee."

"Macho?"

"Mazima, Mzee."

"Ijumaa tunakwenda harusini Kasulu. Ukinitia mtaroni na kanzu yangu, kesho yake gari anachukua Isack."

Isack alishakuja kukijaribu kiti. "Yewe Ndiho, huo mto uuache hapo hapo. Nimeupenda."

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Abdulrahmani alikaa katikati, Bi Asia dirishani, kapu la vyombo vya harusi miguuni pake. Juu ya mteremko wa Busunzu Ndiho akasimama. Chini, kwenye kona, lori lilikuwa limekwama na kuacha njia nyembamba, nyekundu, inayong'aa kama imepakwa mafuta.

"Mama, naomba kisu."

Bi Asia akampa kimoja cha kapuni, akidhani kuna kamba imelegea. Ndiho akashuka, akageuka, akaanza kukata nyuzi za mto moja moja.

"Ndihokubwayo! Umepagawa?"

"Nisamehe, Mama." Akamwekea mto mapajani. Akatoa vitu mifukoni, akapanda, akajisugua kushoto, akajisugua kulia.

"Anafanya nini huyu?" Bi Asia alimuuliza mumewe.

"Anaagana na kazi," alisema Abdulrahmani.

Ndiho alishika breki mapema, gari likiwa bado limenyooka, kisha akaziachia kabla ya kona, maana tairi iliyogandishwa na breki haikati kona, inasafiri tu. Usukani ukawa mwepesi. Akangoja. Ukarudi na uzito wake. Usawa wa lori, kiti kikajisogeza kulia, kile kijisogezo cha benchini, naye akakijibu kabla Abdulrahmani hajamaliza neno la kwanza la dua. Nyuma ya gari ilipita karibu na lori kiasi kwamba utingo wake alirudisha tumbo ndani. Usukani ukanyooka. Wakawa chini.

Abdulrahmani aliikagua kanzu yake, mbele na nyuma. "Kesho uwahi," alisema. "Kuna saruji."

Walipita Nyakitonto, mto bado mapajani mwa Bi Asia, vidole vyake vikichezea lesi. Nyumba za Kasulu zilipoanza kuonekana, ndipo akamgeukia Ndiho.

"Kwa nini hukuniambia?"

Ndiho aliitazama barabara.

"Ningeanzaje, Mama? Ninaendesha kwa makalio."