Salamu za Watu Saba

Kamio, lori la samaki, lilikuwa limeshawashwa, na Hassani alikuwa bado amesimama na sanduku la Amuri kichwani.

"Shusha, utanivunjia mayai."

"Mayai? Unapeleka mayai Ulaya? Wazungu hawana kuku?"

"Ni ya njiani, wewe."

"Haya. Ila usituletee mutoto wa kizungu. Mama hatajua kumubembeleza."

Watu wakacheka. Ilikuwa mwezi Machi, mwaka 1972, na Amuri Mulamba, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ualimu, alikuwa anakwenda Ubelgiji kwa staji, mafunzo ya vitendo ya wiki nane. Mtaa wa Waswahili wa Rumonge, mji wa kando ya ziwa kusini mwa Bujumbura, ulikuwa umewatoa wachuuzi hadi Uvira na Kigoma, na mahujaji wawili hadi Maka, lakini haukuwahi kumtoa mtu kwenda mbali kwa ajili ya chaki. Mama aliyetajwa alikuwa Mama Chausiku, mzazi wa Hassani. Amuri alipofiwa na mama yake akiwa na miaka minne, ndiye aliyemchukua, akawalaza wavulana wawili mkeka mmoja, na tangu hapo hakuna aliyeuliza nani ni wa nani.

Huko Liège, Amuri aliwekwa kwenye benchi la nyuma la darasa la kwanza, atazame. Watoto walikuwa thelathini, kila mmoja na kitabu chake. Mwalimu mzee akamwomba radhi kwamba vitabu vimechakaa. Amuri alitikisa kichwa kwa adabu. Yeye, kwenye mazoezi ya ualimu kwao, alikuwa amefundisha watoto sitini na wawili kwa vitabu vinne. Miaka kumi bendera ilikuwa imepandishwa, na mwanamke wa Minago, jirani na Rumonge, aliyekamua mawese tangu alfajiri bado alipimiwa na mchuuzi kwa debe ambalo hakuweza kusoma alama zake. Uhuru gani huu wa kuibiwa mbele ya macho yako mwenyewe?

Basi akaandika barua. Yeye na walimu vijana wenzake walikuwa wamepanga kufungua shule ya jioni ya watu wazima, bila kumwomba mkubwa yeyote ruhusa wala faranga. Aliandika: "Nikirudi tutaanza ile kazi yetu. Kila mmoja awe tayari." Kisha zikafuata salamu.

Rumonge, barua haikuwa ya mtu mmoja. Kila mfuko wa posta ulipofika na kamio kutoka Bujumbura, mpiga mbiu alipita sokoni na vichochoroni kutangaza barua ya nani imefika, na wote waliotarajia kutajwa walikusanyika kuisikiliza. Salamu ni amana. Aliyesalimiwa asipokwenda kupokea, amemtukana aliyezituma. Kwa hiyo barua yenye heshima ilitaja watu kwa majina, na Amuri alitaja saba, walimu wote saba wa mpango ule, kila mmoja na jina la baba yake na mahali anapokaa, ili kusiwe na ubishi. Karatasi ile ya bluu ya barua za ndege ikajaa. Jina la Hassani hakuliandika. Hassani alistahili barua yake peke yake, ndefu, na Amuri aliiweka kwa juma lijalo.

Aliitia posta Jumatano. Jumanne iliyofuata akaja Mustafa, kijana wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, aliyekuwa akisomea umakanika mjini hapo. Kwa kawaida Mustafa aliingia na mzaha. Siku hiyo aliketi bila kuvua koti.

"Kwenu kumechafuka," alisema. "Tangu Jumamosi. Rumonge, Nyanza-Lac, mwambao wote. Redio imesema."

"Kumechafuka vipi?"

"Watu wameingia na mapanga, wameua. Sasa jeshi limeteremka."

Kwa siku kumi habari zilikuja vipande vipande, kila kipande kibaya kuliko cha jana. Wenye mapanga walikuwa wameua wake kwa waume, na watoto. Wenye bunduki walikuja kulipiza, nao hawakuuliza nani alikuwa wapi siku ile. Walikwenda na orodha. Walianza na waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Mustafa alipotamka neno orodha, Amuri alisimama kana kwamba kiti kimemchoma.

"Barua yangu."

"Barua gani?"

Alimweleza. Mustafa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Umeandika 'kila mmoja awe tayari'? Na majina ya baba zao?"

"Na mahali wanapokaa."

Walikwenda posta pamoja. Karani wa dirishani, mama mwenye miwani, aliwaeleza kwa upole kwamba barua iliyokwisha panda ndege hairudishwi. Amuri akataka kupiga simu ya maandishi: wasiifungue. Mustafa akamkamata mkono. "Nani ataipokea hiyo? Si wale wale? Utawaonyesha pa kutazama." Huo ukawa mwisho wa yote yaliyowezekana. Akabaki anahesabu siku: sasa iko angani, sasa iko Bujumbura, sasa iko ndani ya mfuko juu ya kamio. Alikuwa na faraja moja tu, na aliionea aibu. Hassani hayumo. Alijiambia hivyo tena na tena kwenye benchi la nyuma, watoto wa watu wakiimba herufi. Wale saba aliwaombea. Hassani hakumwombea, kwa kuwa alimhesabu salama.

Staji ilipokwisha, wenyeji wake walimbadilishia tiketi, akashukia Dar es Salaam badala ya Bujumbura. Treni ikamfikisha Kigoma mwezi Juni. Watu wa mwambao walikuwa wamevuka ziwa kwa mitumbwi, wengine bila kiatu wala shuka. Aliuliza siku tatu. Siku ya nne akaelekezwa Ujiji, nyumba ya mjomba wa Mwasiti, mke wa Hassani.

Mwasiti alikuwa ukumbini akichambua mchele. Alimtazama bila kuinuka.

"Karibu, shemeji. Umenenepa."

"Mwasiti. Hassani yuko wapi?"

"Keti kwanza."

Akaketi. Mwasiti aliendelea kuchambua, akitoa mawe, akiyaweka pembeni.

"Wanaume walikuwa wamejificha porini Kigwena," alisema. "Juma mbili. Sisi tulikuwa tunapeleka mihogo kwa kuvizia. Halafu siku moja mpiga mbiu akapita kwenye michikichi, yule yule wetu wa sokoni, anaita: barua ya Amuri kutoka Ulaya imefika, njooni musikie salamu zenu. Wakasema, ikiwa posta inatembea, basi amani imerudi. Serikali haibebi barua kwenye vita. Na wakasema, tusipokwenda, Amuri atatuona vipi?"

Amuri aliokota jiwe moja, akalirudisha palepale.

"Wale walimu wenzako saba, wawili walikuwa wamekwisha kufa. Watano wakatoka porini. Na Hassani. Nilimwambia bakia. Akaniambia, 'Mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kwenye hiyo barua, nisipokuwepo nani atajibu?' Walipofika sokoni hawakusomewa kitu. Wakapandishwa kamio la askari, hawakurudi. Nimewaona kwa macho yangu." Akaacha mchele. "Sasa niambie, shemeji. Alisalimiwaje?"

Nje, mtu mzee alikohoa. Amuri alitazama mikono yake. Angeweza kutunga. Alikuwa hodari wa maneno, watu wote walisema hivyo.

"Hakuwemo," alisema. "Karatasi ilijaa. Nilitaka kumwandikia yake peke yake."

Mwasiti aliulaza ungo mapajani.

"Kwa hiyo alitoka bure."

"Ndiyo."

"Hilo lako," alisema hatimaye, na sauti yake haikupanda. "Utalibeba wewe na mimi. Mama hatalibeba. Yuko hapo uani, kila siku ananiuliza mutoto wake alisalimiwaje, nami namwambia Amuri atakuja kusema mwenyewe. Nenda."

"Mwasiti, siwezi kumdanganya."

"Uliweza kumsahau."

Amuri alitaka kusema kwamba hakusahau. Badala yake akainuka. Uani, Mama Chausiku alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, na alipoona kivuli mlangoni alisogea kidogo, kumwachia nafasi. Amuri alichutama mbele yake, akashika mkono wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Nimechelewa, mama," alisema. Kisha akaanza kumsomea kwa kichwa barua ambayo hakuwahi kuiandika.