Zamu ya Kulala

Tajiri wetu, mwenye malori pale Iringa, alibandika karatasi ndani ya mlango wa lori. Ilisema madereva ni wawili. Mmoja akishika usukani kwa muda wa saa nne, amwachie mwenzake, na aliyeachia alale. Baada ya zamu mbili gari lisimame, wote washuke wapumzike. Kila zamu iandikwe kwenye daftari. Atakayesinzia kwenye usukani hana kazi.

Sisi tuliokuwa tukienda Mbeya na kurudi katika miaka ile ya hamsini tuliiheshimu sana karatasi hiyo, na hatukuifuata hata siku moja. Haukuwa ukaidi, ilikuwa adabu. Ulale unakoroma, na mwenzako anahangaika na matope peke yake? Mtu wa namna hiyo hakuna aliyetaka kusafiri naye. Kwa hiyo mwenye zamu ya kulala alikaa macho akapiga soga, na mwenye usukani akaitikia, "Ehe, ehe," ili ijulikane kwamba yuko macho. Daftari nililishika mimi, kwa kuwa mwandiko wangu wa shule ya misheni ulikuwa mzuri. Niliandika "amelala" kila mahali, tena kwa wino.

Mwenzangu alikuwa Mhehe wa Kalenga, mtu mzima kunizidi, mpole kupita kiasi. Aliniita mnyalukolo, yaani ndugu, ingawa alijua fika kwamba mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Nami nilimwita kaka.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi Iringa na magunia ya mchele. Tulikuwa tumekwama matopeni siku mbili upande wa Inyala, tukichimba na kusukuma, na hakuna aliyekuwa amelala vizuri. Tulipopita Chimala jua la saa nane lilikuwa linawaka, barabara imenyooka. Yeye alikuwa kwenye usukani, mimi nikipiga soga. Nilikuwa nikimsimulia habari ya ng'ombe wa mahari ambaye shemeji yangu alimrudisha mara mbili kwa sababu ya pembe.

"Ehe," akasema.

"Mara ya tatu bwana harusi akamleta yuleyule, kampaka masizi."

"Ehe."

Hapo alipaswa kucheka. Kila mtu hucheka hapo, na mimi sipendi kusimulia mtu asiyecheka. Nikamwangalia. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mbele, mikono iko kwenye usukani. Nikaamua kumtania.

"Kaka, nyumba yako imeungua."

"Ehe."

"Na mkeo ameolewa na mzimamoto."

"Ehe, mnyalukolo. Endelea."

Nywele zilinisimama. Nikamwambia polepole, "Kaka, wewe umekufa."

"Ehe," akasema, kwa upole wake uleule. "Halafu?"

Mbele yetu mchungaji mmoja Msangu alikuwa anavusha ng'ombe barabara. Mwenzangu alikuwa anawatazama, na gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Niliurukia usukani nikauvuta kwangu kwa mikono miwili. Lori likaacha barabara, likapita kwenye majani na vichuguu, gunia moja likadondoka, kisha injini ikazimika. Mchungaji alikuwa anapiga kelele kwa Kisangu. Ng'ombe hakuguswa hata mmoja.

Mwenzangu aliniuliza, "Kuna nini? Mbona tumesimama?"

Nilishuka nikaufunga mlango kwa kishindo. Nikakaa chini kwenye vumbi. Halafu hasira zikapanda. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamwambia angeniua, angemuua na mchungaji wa watu. Nikamwambia tukifika Iringa naenda moja kwa moja kwa tajiri, nayasema yote, na kazi basi. Alikuwa na watoto sita, na nilijua. Hata hivyo nilisema, na nilikuwa nimedhamiria.

Hakujitetea. Alilirudisha gunia lililoanguka, akaja kukaa karibu nami.

"Kamwambie tu," akasema. "Ni haki yako. Ila mimi safari ya kwenda sikukusemea."

"Unisemee nini?"

"Tulipokuwa tunakwenda Mbeya. Tumeshapita Nyololo, zamu yako. Ulilala hivihivi. Macho wazi, unaniitikia."

Nikamwambia ni mwongo. Mimi nilale kwenye usukani? Nilikumbuka safari yote, nilikumbuka soga zake zote. Lakini kweli, nilipojaribu kukumbuka soga za baada ya Nyololo, sikupata hata moja.

"Nilishika usukani kwa mkono wangu huu wa kulia," akasema, "mpaka ulipozinduka mwenyewe kwenye shimo. Niliogopa kukushtua, ungekanyaga vibaya. Na baadaye niliona aibu kukwambia. Mimi ndiye niliyekunyima usingizi, zamu yako ya kulala ulikesha ukinipigia soga."

"Ulijuaje kama nimelala?"

"Nilikujaribu, kama wewe ulivyonijaribu. Nilikwambia baba yako anatusubiri pale Makambako."

"Nikasemaje?"

"Ulisema, 'Ehe. Amekula?'"

Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliopita. Nilimzika mimi mwenyewe.

Tulilala chini ya lori, wote wawili, mpaka jua lilipopoa. Tulipoamka nilichukua usukani nikamwambia alale, alale kweli, sitaki soga. Aliona haya, lakini kabla hatujafika Igawa alikuwa anakoroma. Kwa tajiri sikwenda, si siku hiyo wala siku nyingine.

Safari ile niliendesha kwa hofu ambayo sijawahi kuipata tena. Macho yangu sikuyaamini, kwa kuwa macho ya kaka nayo yalikuwa wazi. Kwa hiyo nilijiuliza kwa sauti, kila tulipopita kijiji, "Baba yako yuko wapi?" Nikajijibu, kwa sauti vilevile, "Amekufa. Yuko Tukuyu, nimemzika." Niliyasema hayo mpaka Iringa.